Miguu ya Evangelisti Lambert

Siku Evangelisti Lambert alipotangaza kwamba Mungu amemtuma kukimbia kilomita arobaini na mbili kwa ajili ya dada yangu, mimi nilikuwa kwenye benchi la tatu nikiukanda mgongo wangu. Nilikuwa nimetoka kumbeba dada huyohuyo kutoka nyumbani hadi kanisani, kama kila Jumapili, na hakuna malaika aliyejisumbua kunitokea.

Dada yangu ni Kabedi, mkubwa wangu kwa miaka minne. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akiosha mawe ya shaba kule Kamatanda, kwenye machimbo ya mji wetu wa Likasi, ukuta wa shimo ukamporomokea kiunoni. Miguu ilikufa siku ile. Mikono ikabaki, na mikono ya Kabedi ina akili ya watu wawili. Ana cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na shati akishalishona yeye, unaweza kulipindua ndani nje ukitafuta kosa mpaka uchoke. Ubaya ni kwamba anashonea nyumbani, na nyumba yetu iko nyuma ya kilima, ambako hapiti mtu isipokuwa mbuzi na walevi waliopotea njia.

Ndipo Mama Matumaini, anayeuza vitambaa sokoni, akaja kutuona mwanzoni mwa mwezi wa nane.

"Yaya Kabedi, pa barza yangu kuko fasi ya machine moja," alisema, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima. "Batoto banarudia ku masomo, bote banatafuta chemise ya mweupe na jupe ya bleu. Nitakuchungia ile fasi mpaka lundi ya kuisha mwezi. Kama sikukuona asubuhi, nitatia mwingine. Usinikasirikie."

Kabedi hakukasirika kuwekewa Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Alilia kwa furaha, akaanza kukata vitambaa siku hiyohiyo.

Lakini sokoni atafikaje? Mimi alfajiri niko Kamatanda nauza mikate kabla wachimbaji hawajashuka mashimoni. Nikirudi jua liko utosini, na nisipokwenda hatuli. Pikipiki? Alijaribu mara moja. Mgongo haukushika, akaanguka kwenye reli, akaacha jino pale. Alichohitaji ni baiskeli ya mikono, ile ya magurudumu matatu, tunayoiita tricycle. Tulilisema jambo hilo kanisani tuombewe. Lambert akalidaka.

Lambert ni mtu mzuri ukimtazama kwa mbali. Anauza vipuri vya magari, ana sauti inayotikisa mabati, na tumbo lake huingia mlangoni kwanza, yeye baadaye. Imani yake ni kubwa, hasa mbele ya watu.

"Bandugu!" alinguruma Jumapili ile. "Mungu alinisemesha: Lambert, kimbia! Marathon ya imani! Kilometre quarante-deux, juu ya tricycle ya mama Kabedi!"

Kwetu "juu ya" ni "kwa ajili ya". Kanisa likasimama. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi debe tunalipenda, tunalichezea ngoma.

Eddy, kijana wetu wa pikipiki ambaye pia ni mkaribishaji wa wageni kanisani, ndiye peke yake aliyefikiri. Alimfuata Lambert uani nikamsikia akimwambia, "Papa évangéliste, tuanze na kilometre mbili kila asubuhi. Kidogo kidogo."

"Entraînement ni ya bale habana imani," Lambert akamjibu. "Mitume balifanya entraînement wapi? Ukijizoesha, uko unamuambia Mungu: sikuamini."

Kwa hiyo hakujizoesha. Alikula ugali wake kwa imani, akalala mchana kwa imani. Nilipomsimulia Kabedi, alisimamisha gurudumu la cherehani.

"Kama imani yake inaweza kukimbiza ile tumbo kilometre quarante-deux," alisema, "mbona haisimamishe minye na miguu yangu hapa fasi moja?"

Nilimwambia anyamaze, asimkasirishe Mungu. Lakini nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Michango ikaanza. Iliitwa mbegu, na mbegu zile zilichipua haraka ajabu. Kwanza ziliota fulana zenye picha ya Lambert amefungua mikono kama anayetaka kuruka. Kisha zikaota bango la kitambaa lenye picha ileile, kisha maspika ya kukodi. Uso wa Kabedi haukuonekana popote. Walimletea fulana moja kubwa kama shuka, naye akaikata vipande akawa anafutia mafuta ya cherehani.

Njia ilipimwa na Eddy. Alianza mlangoni pa kanisa, akashika barabara ya Koni, akaenda mpaka saa ya pikipiki yake ikaonyesha kilomita arobaini na mbili, akapigilia kijiti porini. Lambert angeanzia pale kwenye kijiti, Jumapili alfajiri, Eddy akimfuata na maji. Ndugu wa kushangilia walipangwa katika kilomita mbili za mwisho tu. Kwa nini mbili tu? Kwa sababu mke wake Henriette, aliyeshika kazi ya kupiga picha, alisema huko nyuma simu haishiki mtandao.

Bango lile lilining'inizwa mbele ya duka la Mansour. Mansour anauza baiskeli. Wazazi wake walitoka Kasongo, yeye kazaliwa hapahapa Likasi, na ndiye anayefungua milango ya msikiti alfajiri. Alilisoma bango kwa siku mbili, siku ya tatu akavuka barabara, akaja kanisani kwetu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mlangoni akavua viatu kwa mazoea, akasimama amevishika mkononi. Vijana wakacheka. Yeye hakujali.

"Minye niko na tricycle moja ku dépôt," alisema. "Mutumishi akimbie, asikimbie, ni ya mama Kabedi. Nitaileta hata leo."

Nilishika mkono wa Kabedi. Leo! Jambo lilikuwa limekwisha, kwa sentensi tatu za mtu aliyeshika viatu.

Lakini Lambert hakupendezwa na lile neno "asikimbie". Fulana zilikuwa zimeshachapwa.

"Hapana, papa Mansour, ngojea," alisema haraka. "Utaileta dimanche, nikishafika. Mbele ya batu bote. Juu Mungu apate utukufu."

Mansour alimtazama Kabedi. Kabedi angesema nini? Mtu unayeombewa huna sauti, unakuwa na shukrani tu. Akainamisha kichwa.

"Ni mambo yenu," Mansour akasema, akavaa viatu vyake nje. "Dimanche, basi."

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo wala hamtaamini yaliyofuata. Kanisani kwetu mtu haombi tu kisha akangoja. Anashuhudia kabla. Mwanamke ambaye hajashika mimba husimama kushukuru kwa mtoto, hata jina amtaje. Kijana asiye na kazi hushukuru kwa ofisi yake. Sisi wa ndani tunaelewa, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani na njaa zetu. Tumezoea hivyo kiasi kwamba tumesahau kuna watu ambao neno likitoka kinywani wanalichukua lilivyo.

Jumatano ile iliyotangulia mbio, kwenye ibada ya alasiri, Lambert alimwita Kabedi mbele. Nikambeba. Nikamweka kwenye kiti, Lambert akampa kipaza sauti.

"Mama Kabedi, shuhudia."

"Nishuhudie nini, papa évangéliste? Sijapata bado."

"Shetani anasikia! Ukisema 'nitapata', anakuya kuzuia njia. Sema umeshapata. Njo imani ile."

"Mais ile tricycle ingali ku dépôt ya papa Mansour."

"Ku macho ya mwili! Ku macho ya roho iko hapa!" Akageukia watu. "Aseme, asiseme?"

"Aseme!" tukapiga kelele. Nasema tukapiga, maana na mimi nilipiga. Nilitaka amalize, nimrudishe nyumbani.

Kabedi akalamba midomo. "Nimepokea tricycle," akasema kwa sauti ndogo. "Ni muzuri. Namushukuru Mungu na bale banifikiria."

Watu wakaruka, maspika yakalia, Henriette akazunguka na simu akipiga picha machozi ya Kabedi kwa karibu. Kabla jua halijazama video ilikuwa imezunguka Likasi nzima, na muziki juu yake.

Jumapili nilimbeba mapema. Hapakuwa na kiti uani, fulana zilikuwa zimekalia viti vyote, kwa hiyo nikatandika kitenge kwenye saruji karibu na mlango na kumkalisha pale, mgongo ukutani. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Cherehani ilikuwa imefungwa nyumbani tangu jana, na mashati kumi na mawili yamekunjwa juu yake. Kesho ndiyo ilikuwa Jumatatu ya Mama Matumaini.

Eddy alikuwa ametuma ujumbe kwamba Lambert ameondoka kwenye kijiti saa kumi na mbili kamili. Saa mbili tukasikia vigelegele barabarani. Saa mbili! Hata wale wakimbiaji wa kwenye televisheni, wenye mbavu za kuhesabika, wangeomba maji. Nikajisemea labda kweli Mungu ana utani na watu wanene.

Lambert alitokea kwenye kona mikono juu, kaptula nyekundu, tumbo likiruka. Jasho lake lilikuwa jasho la mtu aliyepanda ngazi. Eddy alikuja nyuma yake polepole kwa pikipiki, macho chini, kama mtu anayesindikiza maiti. Lambert alikata utepe, akanyakua kipaza sauti, akasimama hatua moja tu kutoka kwa Kabedi.

"Sisikii kuchoka!" alinguruma. "Bandugu, Mungu amenipa miguu mupya! Naweza rudia sasa hivi!"

"Amen!"

"Papa Mansour iko wapi? Alete tricycle!"

Mansour alikuwapo, na kanzu yake safi, amesimama karibu na lango. Alikuja mbele akitabasamu, mikono mitupu.

"Pole na mbio, mutumishi. Nilikuya kukupongeza. Nilete tricycle ya nani?"

"Ya mama Kabedi!"

Tabasamu likamtoka. "Mais mama Kabedi alishapata. Nilimuona ku téléphone ya muteja, jeudi, kesho ya ile ibada yenu. Alisema kwa kinywa yake: nimepokea, ni muzuri. Nikasema, Mungu asifiwe, kuko muntu alinitangulia. Vendredi nyuma ya sala ya Ijumaa, ile yangu nikamupa muzee Alphonse, ule alikatwa miguu yote mbili. Alikuwa ananililia tangu mwezi wa tano."

Maspika yakabaki yakivuma peke yake.

"Ilikuwa ushuhuda wa imani," Lambert akasema.

"Minye sikujua ile, mutumishi. Kwetu muntu akisema nimepokea, amepokea." Akamgeukia dada yangu, na nawaambia kweli, alikuwa karibu kulia. "Mama, unisamehe. Siwezi kumunyang'anya muzee. Nitaagiza ingine Lubumbashi, mais haitafika mbele ya wiki tatu."

Wiki tatu. Jumatatu ilikuwa kesho. Nilimwona Kabedi akiitazama mikono yake.

Lambert alipaswa kunyamaza. Hakuna aliyemlazimisha kuendelea. Lakini mtu aliyezoea kipaza sauti hawezi kukiacha kipoe.

"Bandugu, haya ni majaribu," alisema. "Saa ingine inawezekana ule anashuhudia iko na mashaka mu moyo. Ameitikia kwa mudomo, moyo ikakatala. Tumuombee mama Kabedi."

Nilisimama. Sijui nilitaka kumfanya nini, lakini nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Kabedi akanishika pindo la kitenge.

"Ikala, mudogo," alisema. "Unipatie ile micro."

Nilimnyang'anya Lambert kile kipaza sauti, nikampa. Kabedi hakuangalia watu. Alikuwa akiangalia kilichokuwa mbele ya macho yake pale chini, yaani miguu ya Lambert. Nikafuata macho yake. Viatu vilikuwa vyeupe. Barabara ya Koni ina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye meno, na viatu vya Lambert vilikuwa vyeupe. Na kwenye muundi wa kulia, upande wa ndani, palikuwa na alama mbichi, ndefu kama kidole, ngozi imejikunja. Likasi nzima tunaijua alama ile. Ni ya bomba la moshi la pikipiki, na humpata abiria aliyevaa kaptula.

Lambert akaona tunachokiangalia. Akausogeza mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto.

"Papa évangéliste," Kabedi akasema polepole, na maspika yakalibeba neno lake mpaka barabarani. "Ile miguu mupya, Mungu alikupatia juu ya nani?"

"Juu... juu yako, mama."

"Haichoke?"

Lambert akamtazama Eddy, Eddy akaitazama pikipiki.

"Haichoke," alisema.

"Basi hii miguu ni yangu. Bandugu, nashuhudia!" Sauti yake ikapanda, na sikuwahi kuisikia hivyo tangu shimo lile. "Kesho saa moja ya asubuhi papa évangéliste atakuya kunibeba pa mugongo, anipeleke ku soko. Magaribi atanirudisha. Kila siku, mpaka tricycle itafika. Nimepokea!"

"AMEN!" likajibu kanisa, kabla halijajua linaitikia nini. Wengine walikuwa wameshaanza kucheza. Na kwetu, neno likishasemwa kwenye kipaza sauti na watu wakaitikia Amen, limefungwa mbinguni na duniani. Aliyetufundisha hivyo alikuwa Lambert. Akaangalia muundi wake, akasogea kando.

Mansour alitoa leso akajifuta uso. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumatatu sikwenda Kamatanda. Wachimbaji wale mikate ya wengine, nilijisemea, hili nitaliona kwa macho. Saa moja Lambert alikuwa mlangoni, amevaa suruali ndefu. Nilimpandisha Kabedi mgongoni kwake, nikamwonyesha namna ya kushika mapaja na namna ya kuinama mlimani. Kilima chetu kina mawe. Alipofika juu alikuwa akipumua kama mashine ya kusaga. Mimi nilifuata nyuma na cherehani kichwani, nikicheka waziwazi.

Saa mbili kasoro Kabedi alikuwa kwenye barza ya Mama Matumaini. Kabla ya saa sita mashati yote kumi na mawili yalikuwa yameondoka.

Jumanne sikucheka sana. Nilikuwa nimerudi kazini, na nilipopita sokoni mchana nikakuta akina mama wanasimuliana. "Ule mutumishi ananyenyekea kweli," mmoja alisema. "Kumubeba kilema vile, kila siku!" Nilitaka kumpiga kwa beseni la mikate. Miaka mitatu! Mvua na jua, miaka mitatu, na yeye siku mbili tu wameshamfanya mtakatifu. Jioni nilirudi na hasira hiyo, nikampikia Kabedi.

Jumatano Lambert alipumzika mara sita njiani. Alhamisi asubuhi alimfikisha sokoni, akamweka chini taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye basi la Lubumbashi, akitembea kiuno kimepinda. Siku hiyo magaribi nilimrudisha dada yangu mimi. Ijumaa sikwenda Kamatanda, nikijiandaa kumbeba mwenyewe, na asubuhi Eddy alisimama mlangoni kwetu, na tricycle mpya imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki. Lambert alikuwa ameinunua kwa fedha ya mfukoni mwake mwenyewe. Hapakuwa na Henriette wala simu wala bango. Mtu yule aliyeshindwa wiki nzima kuvuka barabara kwenda kwa Mansour kuichukua ile ya kwanza alikwenda na kurudi Lubumbashi kwa siku moja.

Tulimkalisha Kabedi. Eddy akamwonyesha mpini wa kuzungusha na breki, akaaga. Nikafunga cherehani nyuma, nikashika mgongo wa kiti.

"Twende," nilisema. "Nitakusukuma mpaka pa kilima."

"Achia, mudogo."

"Yaya, ni mlima. Nitakusaidia. Hujazoea."

"Rosalie." Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Unajua juu ya nini nilitaka hii kintu?"

"Juu nisichoke. Mugongo yangu."

"Hapana," alisema. "Weye ulichoka kubeba, na bote balijua, juu ulikuwa unalalamika kila dimanche mu kanisa. Minye nilichoka kubebwa. Miaka tatu, hakuna muntu aliniuliza. Hata weye."

Nikaachia kiti. Aliinama mbele, akazungusha mpini kwa mikono yake yote miwili, magurudumu yakakwama kwenye jiwe, yakakwamuka. Alipanda kilima kidogo kidogo, akisimama, akivuta pumzi, akianza tena. Nilitaka kumkimbilia mara nne. Mimi niliyemcheka Lambert na fulana zake, nilikaa kizingitini nikalia, nikangoja mpaka akavuka ng'ambo ya kilima peke yake.